Kwenda Kigali na gari la usukani wa kulia kupitia Rusumo: nijiandae vipi?

Kinyerezi_Mwisho (mleta mada)

Wakuu, habari za leo. Mwezi wa kumi na mbili tunakwenda Kigali kwa gari letu, watu wazima wawili na watoto wawili, tutakaa siku kumi. Gari ni Toyota RAV4 automatiki, usukani kulia kama magari ya huku kwetu, namba za Tanzania, lina bima kubwa. Kadi ya gari ina jina la kaka yangu. Njia ni Dodoma, Singida, Nzega, Kahama hadi Rusumo. Leseni ninayo, iko hai.

Naomba wanaoijua njia hii wanisaidie. Mpakani wanataka karatasi gani? Rwanda wanaendesha upande wa kulia. Hili gari letu linaruhusiwa, na linaendeshwaje kule bila kuhatarisha watu? Halafu ni sheria zipi za kule ambazo Mtanzania anakamatwa nazo kwa kutojua tu? Nitashukuru kwa maelezo ya kina.

Benako_Transit

Karibu Ngara, mkuu. Nianze na karatasi, maana wengi wanakwama dirishani kabla hata ya kufika barabarani.

Kadi ya gari iwe yenyewe halisi, siyo nakala. Kwa kuwa ina jina la kaka yako, beba barua ya idhini kutoka kwake. Barua isiishie kwenye "namruhusu ndugu yangu atumie gari langu." Iandikwe namba ya gari, namba ya chasi na ya injini kama zilivyo kwenye kadi, jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, nchi unazokwenda, na tarehe za kutoka na kurudi. Kaka aisaini mbele ya wakili, igongwe mhuri, na nyuma yake uambatanishe nakala ya kitambulisho chake cha NIDA. Tarehe ya kurudi iongezee wiki moja, gari likiharibika Kigali usije ukawa na barua iliyokufa. Wenye magari ya mkopo ambayo kadi zake ziko benki, benki nayo inabidi itoe idhini yake, na hiyo usiianze wiki ya safari.

Kabla hujatoka nyumbani, shika kadi mkononi uende kwenye gari, usome namba ya chasi iliyogongwa kwenye bodi, tarakimu moja moja. Kosa la herufi moja kwenye kadi huku ndani linaweza kulala miaka bila mtu kuliona. Mpakani linaonekana ndani ya dakika moja.

Pasipoti kwa kila mtu, watoto pia. Mzazi mmoja akisafiri peke yake na watoto, abebe vyeti vyao vya kuzaliwa na barua ya mzazi mwenzake.

Rusumo ni kituo cha pamoja. Ukitoka Tanzania, mambo ya nchi zote mbili unayamalizia kwenye jengo moja la upande wa Rwanda, ng'ambo ya daraja la mto Kagera: uhamiaji wa Tanzania wa kutoka, kisha uhamiaji wa Rwanda wa kuingia, ndipo forodha kwa ajili ya gari. Ukirudi, yote ni upande wa Tanzania. Asiyejua utaratibu huu anaruka dirisha la kwanza kwa kudhani ameshavuka, halafu anarudishwa foleni kugongewa mhuri wa kutoka.

Forodha watakupa hati ya kuingiza gari kwa muda. Usiondoke dirishani kabla hujahakiki vitu vitatu: namba ya gari, namba ya chasi, na tarehe ya mwisho. Waambie siku zako mapema, waandike za kutosha. Hati hiyo irudishe siku unayotoka, na uhakikishe imefungwa kwenye mfumo wao. Isipofungwa, kwenye kompyuta gari lako linahesabika bado liko Rwanda, na safari ijayo utaanza kwa kujieleza habari za kodi. Chochote utakacholipa, dai risiti.

Mawili madogo. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo saa 4 asubuhi ya Ngara ni saa 3 ng'ambo ya daraja. Na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kule tangu 2008, gari linaweza kukaguliwa. Marufuku yao ni pana kuliko yetu, kwa hiyo mkate, nguo za watoto, viatu, vyote vifungwe kwenye karatasi au mifuko ya kitambaa kabla hamjafika Benako, kituo cha mwisho kabla ya Rusumo.

BimaMezani

Benako amemaliza vizuri, mimi naongezea bima peke yake, kwa sababu neno "bima kubwa" linawadanganya watu.

Bima kubwa ya Tanzania kwa kawaida inaishia Tanzania. Kinachovuka mpaka ni kadi ya njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA lakini kwenye mpango wa kadi ya njano bado imo, pamoja na Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, Kongo, Zambia na Malawi. Unaikata kwa kampuni au wakala aliyekukatia bima ya sasa, maana kadi hii haisimami peke yake, inaegemea bima yako ya nyumbani. Bima ya nyumbani ikiisha tarehe 20 na safari inaisha tarehe 24, kadi ya njano haitakuokoa siku hizo nne. Katika hali hiyo ongeza muda wa bima kwanza, ndipo ukate kadi.

Kazi ya kadi ya njano ni bima ndogo ya nchi unayoingia: ukimgonga mtu au ukiharibu mali ya mtu, anayedai analipwa kwa sheria ya kule. Bampa lako, kioo chako, gari lako likiibwa, hivyo havimo. Ukitaka bima kubwa ikufuate hadi Kigali, mwombe wakala aongeze eneo la Rwanda kwenye mkataba wako na akupe karatasi ya nyongeza yenye tarehe. Ombi liwe la maandishi. Ahadi ya simu haitakusaidia siku ya kudai.

Kadi ikishatoka, soma: jina la mwenye bima (hapa ni la kaka yako, na ni sawa, mradi lilingane na kadi ya gari), namba ya gari, chasi, tarehe, na orodha ya nchi. Rwanda iwe imewekwa alama. Kama kuna uwezekano wa kurudia Burundi kupitia mpaka wa Kobero na Kabanga, waombe waiweke Burundi sasa hivi, barabarani hutaipata.

Mwombe pia wakala akuandikie namba ya simu ya ofisi ya kadi ya njano ya Rwanda. Ajali ikitokea usikubaliane malipo pembeni ya barabara wala usisaini karatasi inayosema kosa ni lako. Ita polisi, chukua namba ya taarifa yao, piga picha magari yakiwa yalivyosimama, kisha ipigie ofisi hiyo siku hiyohiyo.

Lusahunga_Kwanza

Nijibu swali la usukani, kwa kuwa hapo ndipo uhai wa watu ulipo.

Rwanda haisajili magari madogo ya usukani wa kulia, lakini mgeni mwenye namba za Tanzania, Kenya au Uganda anaingia na kutoka nalo bila tatizo. Kwa hiyo ruhusa unayo. Shida ni mahali unapokaa ndani ya gari. Nyumbani dereva yuko upande wa mstari wa katikati. Kule, kwa gari hilohilo, utakaa upande wa mtaro. Mambo yote mengine yanaanzia hapo.

Mwili umezoea kuwa karibu na katikati ya barabara. Usipoushtukia, utaisogelea katikati hadi ujisikie sawa, na ukijisikia sawa hivyo, ubavu wa kushoto wa gari umeshavuka mstari. Dawa yake: mstari mweupe wa pembeni, wa kulia, uone kama unapita karibu kabisa na mguu wako wa kulia. Kisha tazama kioo cha kushoto, mstari wa kati uonekane nje ya tairi la nyuma. Fanya hivyo kila baada ya muda mfupi kwa kilomita ishirini za kwanza hadi jicho lizoee.

Kukata kona: nyumbani kushoto ni finyu, kulia ni pana kwa kuwa unavuka wanaokuja. Kule geuza, kulia finyu, kushoto pana. Lisemeni kwa sauti ndani ya gari kabla ya kila kona siku ya kwanza, abiria wa mbele alirudie. Anayekata kushoto ndiye anayevuka njia ya wanaokuja, kwa hiyo yeye ndiye anayesubiri. Ukitaka kuingia barabara kubwa, magari ya upande wako yanatokea kushoto, basi tazama kushoto, kulia, kisha kushoto tena.

Kipilefti chenyewe jina linakuambia ushike kushoto, na kule kinageuka: unaingilia kulia na kuzunguka kinyume cha mshale wa saa. Kutoka kwako ni kulia, washa indiketa ya kulia ukishapita njia iliyotangulia ile unayotokea. Kigali ina vipilefti vikubwa vyenye njia mbili, na kioo chako cha kushoto ndicho kitakachokuonyesha pikipiki zilizo ndani ya mzunguko. Ukikosa njia ya kutoka, zunguka tena.

Makosa ya upande hayatokei kwenye msongamano, kwa sababu ukiwa nyuma ya gari jingine unalifuata tu. Yanatokea gari likianza kuondoka lilikosimama, na barabara iko tupu. Kutoka sheli. Kutoka getini hotelini alfajiri. Baada ya kugeuza gari. Baada ya kumshusha mtoto kujisaidia. Bandika karatasi katikati ya usukani imeandikwa KULIA, na usiitoe hadi siku ya kurudi. Baya kuliko yote ni mshtuko: lori likikujia uso kwa uso, mkono wa Mtanzania unavuta usukani kushoto bila kuuliza akili, na kule kushoto ndiko linakotokea. Amueni kabla: breki kwanza, gari liwe limenyooka, kisha kulia.

Kuovateki. Ukikaa upande wa mtaro nyuma ya lori, unachokiona ni ubao wa nyuma wa lori na hakuna kingine. Ukisogea kushoto ili uchungulie, gari zima linakuwa limeshatoka kabla jicho lako halijafika. Usichungulie. Rudi nyuma, acha mita arobaini hivi kati yako na lori; ukikaa mbali unaona barabara kwa pembe pana zaidi. Kwenye kona zinazopinda kulia utaona mbele kupitia ubavu wa kulia wa lori, hiyo itakupa habari ya kipande kinachofuata, lakini usitoke hadi barabara inyooke na mstari wa kati uwe wa vipande. Abiria wa kushoto anaona kabla yako. Mpe kazi ya kutaja anachokiona: "kuna gari" au "hakuna gari." Asiseme "twende," kwa sababu hajui gari lina nguvu kiasi gani wala wewe umeweka mguu wapi. Ukiwa na shaka, baki nyuma ya lori hadi kilima kiishe.

Tena, zile indiketa za madereva wa malori wa kwetu, kushoto maana yake pita, kulia maana yake kaa, zisahau kabisa ukivuka daraja. Upande ukibadilika na maana yake inabadilika, na dereva aliye mbele yako anaweza kuwa wa Dar, wa Kigali au wa Kampala. Ukisoma vibaya hakuna nafasi ya kusahihisha. Indiketa ichukulie kuwa anakata kona.

Vilima. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni kupanda na kushuka. Kwenye mteremko mrefu toa gia D, weka S, 2, L au B kulingana na gari lako, injini ilishike gari. Ukikanyaga breki kidogokidogo njia nzima, padi zinapata moto na mafuta ya breki yaliyozeeka yanachemka. Pedali inakuwa laini na kuzama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo kama yana zaidi ya miaka miwili, yabadilishwe Dar kabla ya safari pamoja na kukagua padi.

Kinyerezi_Mwisho (mleta mada)

Nimeandika yote kwenye daftari, asanteni sana. Mke wangu ndiye atakaa kushoto, nimeshamwonyesha hilo la "kuna gari, hakuna gari." Kuna mtu kaniambia taa za mbele nazo zina upande. Ni kweli? Na inabidi nifungue taa?

Fundi_Taa

Ni kweli, kaka, na hufungui kitu.

Taa ya dimu haimwagi mwanga sawasawa. Kwa magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za kushoto, mstari wa juu wa mwanga unakwenda sawa kisha unapanda upande wa kushoto, ili umulike mtembea kwa miguu na kibao pembeni. Kulia unabaki chini usimpige machoni anayekuja. Ukiwa Rwanda anayekuja yuko kushoto, basi ule mwanga unaopanda unamwingia machoni moja kwa moja, na yeye ataanza kukuwashia fulu akidhani wewe ndiye umewasha.

Jioni lisimamishe gari mahali tambarare, mita tano kutoka ukutani, mkiwa mmepakia kama mtakavyosafiri, kwa sababu mzigo wa nyuma unainua pua ya gari. Washa dimu. Utauona mstari ukipanda kushoto kwa kila taa. Funika taa moja kwa kitambaa ufanye kazi na nyingine. Chukua kipande cha karatasi nene, kipitishe mbele ya kioo cha taa taratibu hadi uone ule mpando ukutani unapotea na mstari ubaki sawa. Hapo ndipo pa kubandika. Tumia solotepu nyeusi ya umeme, kata kipande kidogo cha pembetatu, usifunike zaidi ya hapo. Rudia upande wa pili.

Taa zenye jicho la duara ndani hugeuza taswira, chini inakuwa juu na kulia kushoto, kwa hiyo mahali pa kubandika hapatakuwa unapopatazamia. Karatasi ndiyo itakayokuambia. Nyingine hazitii kabisa. Hizo zishushe kwa kile kiringi kilichoandikwa 0 hadi 3 karibu na usukani, kama gari lako linacho, namba kubwa ndiyo inayoshusha mwanga.

Vioo vya taa siku hizi ni plastiki na vinapata joto, gundi ikikaa muda mrefu inaacha doa. Ukirudi Rusumo ibandue kabla ya kuingia barabara ya Lusahunga, kwa sababu huku kwetu unauhitaji ule mwanga wa kushoto kuwaona waendesha baiskeli.

Nyamirambo_Mswahili

Karibuni Kigali. Kiswahili mtapata watu wa kuzungumza nao, hasa huku Nyamirambo na Biryogo, na tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Kwa sheria za barabarani, haya ndiyo yanayowapata wageni.

Mwendo. Kamera ni nyingi, zipo za kudumu kwenye nguzo na zipo za kuhamishwa, na watu wamezizoea kwa jina la Sofiya. Nje ya miji usizidi 80 hata barabara ikiwa nyeupe kabisa mbele yako. Ndani ya miji na senta mara nyingi ni 60, penye shule au soko inashuka zaidi. Shika namba ya kibao cha mwisho ulichokipita mpaka uone kingine. Tanzania umezoea trafiki na tochi anakusimamisha, unajua kosa lako palepale. Huku kamera inaandika namba ya gari na wewe unaendelea bila habari. Kwa hiyo siku moja kabla ya kuondoka, nenda kwa wakala wa Irembo, mfumo wa huduma za serikali mtandaoni, umpe namba ya gari aangalie kama kuna faini, ulipe ubaki na uthibitisho. Usiache hadi mpakani ukiwa na watoto wamechoka.

Usimpe polisi pesa mkononi, wala usiulize "tunalimalizaje." Huku hilo peke yake ni kosa la jinai, na watu wanakamatwa kwa hilo. Ukiandikiwa faini, pokea, lipa kwa simu au benki.

Zebra. Mtu akiweka mguu kwenye zebra, magari yanasimama, na watembea kwa miguu wa Kigali wanavuka wakiamini utasimama. Hili naliomba sana kwa wageni wote. Punguza mwendo mapema, angalia pia nyuma yako. Na ninyi mkitembea na watoto, gari la karibu linatokea kushoto, siyo kulia kama Dar. Wafundisheni watoto kabla hamjashuka kwenye gari.

Kwenye makutano ya mitaani yasiyo na taa wala kibao, anayetokea kulia kwako ndiye anayepita kwanza. Huo ni utaratibu wa Kibelgiji uliobaki. Mtanzania anaona yuko barabara iliyonyooka, anaendelea, kumbe yule anayechomoza kulia naye anaendelea kwa haki yake.

Mikanda wote, nyuma pia. Simu mkononi hapana, hata kwenye foleni.

Umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, watu wako kwenye kazi za jamii na barabarani magari hayatembei isipokuwa yenye ruhusa, saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Hizo ni saa za Rwanda. Saa yako ya Tanzania itakuwa inasoma saa 3 hadi saa 6. Ukiwa njiani utasimamishwa usubiri. Pia kuna Jumapili mbili za mwezi ambazo baadhi ya barabara za Kigali zinafungwa asubuhi kwa ajili ya mazoezi, zinafunguliwa karibu saa 4.

Mafuta: petroli hapa ni lisansi, dizeli ni mazutu. Taja jina, kisha onyesha kifuniko cha tangi, usimwachie mhudumu akisie. Bei kwa kawaida iko juu kuliko Tanzania, jazeni tangi Ngara.

Namba za dharura: 112 polisi, 113 ajali za barabarani, 912 gari la wagonjwa. Ndani ya gari wekeni pembetatu mbili za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto ambao tarehe haijapita, na sanduku la huduma ya kwanza.

Nakuru_Highway

Nawasalimu kutoka Kenya. Yaliyosemwa yanatuhusu pia sisi tunaopitia Uganda. Upande unabadilika kwenye mpaka wa Uganda na Rwanda, Gatuna au Kagitumba. Mwenye kutoka Kenya abebe logbook, yaani kadi ya gari, na kadi ya njano iwe na Uganda na Rwanda zote mbili, si Rwanda peke yake.

Nataka kuongeza kwa yule atakayeacha gari Dar na kukodi Kigali. Gari la usukani wa kushoto linaondoa ile shida ya kuovateki, lakini linaleta nyingine. Gia iko mkono wa kulia. Indiketa iko kushoto ya usukani na waipa iko kulia, kinyume na magari yetu ya Japani, kwa hiyo kila ukitaka kukata kona unapangusa kioo, na madereva nyuma yako hawajui unakokwenda. Na mwili sasa unateleza kuelekea mtaroni badala ya katikati, utagusa kingo za barabara kwa tairi za kulia. Zunguka kwanza kwenye uwanja wa maegesho dakika kumi.

Jambo la pili ni kurudi. Siku kumi zinatosha mkono kuzoea kulia. Watu hujiandaa sana kwa kwenda, na kurudi wanalegeza kwa kuwa wako nyumbani. Ile karatasi ya usukani usiitupe, igeuze, andika KUSHOTO, ikae mpaka ulale usiku mmoja Tanzania.

Kinyerezi_Mwisho (mleta mada)

Mmenisaidia kuliko nilivyotegemea. La mwisho: tukilala Singida, hesabu yangu ni kufika Rusumo kama saa 11 jioni ya Tanzania. Tuvuke tuendelee hadi Kigali usiku huohuo?

Lusahunga_Kwanza

Msivuke, mkuu. Saa 11 ya Tanzania ni saa 10 ya Rwanda, na giza kule linaingia karibu saa 12 kwa saa zao. Toa muda wa dirishani, unabaki na saa moja ya mwanga. Rusumo hadi Kayonza ni kilomita 92, Kayonza hadi Kigali ni sabini na kitu. Kwa mwendo unaoruhusiwa, na malori na baiskeli za ndizi barabarani, hesabu saa tatu. Mara yako ya kwanza kuendesha kulia itakuwa gizani, kwenye kona, huku umechoka tangu Singida na watoto wamelala nyuma.

Laleni Benako au Ngara mjini. Solotepu ya taa bandikeni jioni hiyo ukutani pa nyumba ya wageni. Jazeni mafuta. Muwe daraja la Rusumo saa 2 asubuhi ya Tanzania, msimame ng'ambo mkishamaliza forodha, mbandike KULIA kwenye usukani, ndipo muondoke. Kibungo mtafika kweupe, na kufikia hapo jicho litakuwa limeshazoea.